Mkwaruzo Kutoka Upande wa Mpunga

Jumatatu, 16 Aprili 1956

Redio ya baraza bado imelala. Nimebadilisha valvu mbili, nimekaza viungo, nimefuata sauti hatua kwa hatua kwa kipimo changu. Mshale ulikuwa unapanda vizuri. Nilishaanza kujisifu. Jua lilipoanza kuzama mshale ukaanza kucheza wenyewe, na masikioni ukaja mkwaruzo, kama mtu anakaanga bisi. Nikaizima redio. Mkwaruzo ukaendelea. Kumbe hautoki kwenye redio. Unatoka nje na kuingia kwenye kipimo.

Kipimo hiki nilikiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu vya jeshi. Mwaka mzima. Sitaki kitu chochote kikichezee.

Wali umeungua tena. Ludwina yuko shambani ng'ambo ya mto Lumemo tangu Pasaka, analinda mpunga usiliwe na ndege wa kwelea. Kila mwaka ni hivi hivi. Wanawake wa bonde hili wanahamia kwenye madungu, vichanja vya kulindia ndege, sisi wengine tunabaki na masufuria meusi.

Jumanne, 17 Aprili

Umekuja tena, jua likizama. Saa hiyo hiyo.

Nyumbani kwangu hakuna umeme, natumia betri tu. Kwa hiyo mwenye kosa ni mwenye dainamo. Ifakara wenye dainamo ni wa kuhesabu. Ile ya misheni huanza giza likishaingia, na mkwaruzo huwa umeshaanza zamani. Anabaki Bwana Salehe mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ng'ambo ya mto. Mchana injini yake inakoboa. Jioni anaifunga kwenye dainamo, anawasha taa za nyumba yake na kuchaji betri za watu, zangu zikiwamo.

Nitakwenda kesho. Kwa adabu. Bila yeye mimi ni mtu mwenye meza ya masanduku yasiyosema.

Jumatano, 18 Aprili

Bwana Salehe alinipokea vizuri, ingawa amefunga. Akanitania mbele ya watu: "Fundi Gaspari, na mbu wa kwako akipiga kelele utakuja kumpima kwangu?" Wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikupenda.

Aliniachia dainamo. Brashi za kaboni zilikuwa zimeliwa upande mmoja, nikazisugua, nikafuta masizi, nikafunga. Mikono michafu, moyo mweupe. Nikarudi mbio kusikiliza.

Mkwaruzo ule ule. Pengine umezidi, maana leo imenyesha. Nimekasirika hadi nalala bila kula.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimetengeneza fremu ya mbao na kuizungushia waya, kama tulivyofundishwa Burma kutafuta simu za upepo za adui. Unaiunga kwenye redio ndogo na kuigeuza taratibu. Ikielekea upande fulani sauti inafifia, na hapo unajua inatoka wapi. Vita vilinipa ujuzi huu na malaria ya kudumu, basi.

Kutoka uani kwangu inaelekea kwenye mashine ya Bwana Salehe. Lakini nyuma ya mashine ni mashamba ya mpunga, mstari ni mmoja. Siwezi kutofautisha. Lazima nisikilize nikiwa mahali pengine.

Jumamosi, 21 Aprili

Nimesikiliza nikiwa njia ya sokoni, mbali na nyumbani. Watu walinizunguka wakidhani ni mambo ya serikali. Mwanamke mmoja akauliza kama ni kipimo cha kodi.

Mstari wa leo haugusi mashine kabisa. Unapita pembeni na kwenda mashambani. Unakutana na ule wa jana katikati ya mpunga, ambako hakuna nyumba wala injini. Kuna madungu na wanawake tu.

Nimerudia mara mbili. Jibu ni lile lile. Silipendi.

Jumapili, 22 Aprili

Baada ya Misa nikavuka Lumemo. Maji kiunoni, mizigo kichwani: chumvi na sabuni za Ludwina, na redio ndogo. Nikamkuta juu ya dungu, amekonda, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Akafurahi kuniona. Nami nilifurahi, nikamwambia ananuka matope.

Kutoka kila dungu zinatoka kamba za magome ya mti, zimekwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo. Ukivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka. Jirani akiwa hayupo unamvutia na yake. Hakuna anayeomba. Ni utu, na ni akili pia, kwa sababu ndege wakishiba kwa jirani wanahamia kwako. Mama Osmundi, mjane wa shamba la pili, ndiye bingwa wa kuvutia wenzake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku mkono uko kwenye kamba ya mtu.

Shamba la tatu, linalopakana na yote mawili, ni la Bwana Salehe. Analindiwa na kibarua wake, Kasiani. Nalo lina kamba zenye makopo. Nilikuwa napita tu. Kisha nikaona kwamba mojawapo, ile ya mpakani, si ya gome. Ni waya. Majani yanayoigusa yameungua ncha. Chini yake panya mkavu, kwelea wawili, chura. Nikaufuata waya kwa macho hadi kwenye nguzo, na kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mashineni.

Nilipata mkwaruzo wangu: majani mabichi na makopo yanatoa cheche kwenye waya huo kila umeme unapoingia. Nilikuwa nimeutafuta wiki nzima kwa ajili ya mshale wa kipimo.

Nikamwuliza Ludwina kama aliwahi kuushika. Akasema, "Asubuhi hii nimeuvuta. Kasiani alikwenda kuoga." Alisema huku anamenya muhogo. Mchana hauna umeme, ndiyo sababu yuko hai.

Niliwaeleza yeye na Mama Osmundi. Huyu alishangaa: "Stimu kwenye makopo? Mwanangu, makopo si ni ya ndege?" Nikawaambia wasiuguse tena, mchana wala jioni, hata kama shamba lote la Salehe linaliwa. Wakakubali. Ludwina kurudi nyumbani hataki. Mpunga umeanza kuinama, siku moja bila mlinzi ni njaa ya mwaka. Hilo nalijua.

Koleo ilikuwa mfukoni. Nikataka kuukata pale pale. Kasiani akasimama mbele yangu na panga. "Mali ya tajiri hiyo. Mwambie mwenyewe." Hakuwa na ubaya, aliogopa kibarua chake.

Nikamkuta Bwana Salehe anafuturu. Akanikaribisha uji na tende. Nikasema yote. Alieleza bila kuficha: nguruwe pori walimmaliza mwaka jana, akaona awawekee umeme usiku, watu wakishaingia vibandani. Waya akaufanya kamba ya makopo ili mchana usikae bure. Lakini huu ni Ramadhani. Injini inawashwa mapema ili taa ziwe tayari kwa futari, na saa hiyo wanawake bado wako kwenye kamba. Hakuwa amefikiria. Nilimwona anaelewa. Aliweka kikombe chini.

"Nitaukata, Gaspari. Wallahi nitaukata."

Nilimwamini. Bado namwamini. Nilifikiria kupitia kwa jumbe nimwarifu. Sikupita. Betri zangu ziko kwa Salehe, na mtu amekiri kosa lake mbele yangu, kumshitaki ilionekana uchokozi.

Jumatatu, 23 Aprili

Jioni nimevaa vya masikioni na kungoja. Kimya. Mshale umetulia. Mtu wa neno lake. Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 25 Aprili

Kimya kwa siku ya tatu. Redio ya baraza inaanza kunong'ona. Kosa lilikuwa kwenye koili, nimeizungushia waya upya.

Mvua haikatiki. Lumemo imejaa, haivukiki. Nilikwenda ukingoni, Ludwina akaja upande wa pili na Mama Osmundi nyuma yake, wamejifunika majani ya mgomba. Nikapiga kelele: "Wameukata! Waya wameukata!" Nikaonyesha kwa vidole kama mkasi. Ludwina akainua mkono. Mama Osmundi akapiga vigelegele, akacheza kidogo kwenye matope, mzee yule. Nilirudi nimelowa na nimefurahi.

Ijumaa, 27 Aprili

Kimya.

Mtaa mzima unatwanga. Kila ua kinu, kutwa. Kichwa kinaniuma, siwezi kusikiliza redio. Chumvi imeadimika, mafuta ya taa hakuna dukani, wanasema pantoni ya kuvushia malori kule Kivukoni imefungwa kwa sababu mto mkubwa umejaa. Nafanya kazi mchana tu. Betri zangu hazijarudi, Bwana Salehe amenipigia kelele kutoka ng'ambo nivumilie. Sitaki kumsumbua mtu aliyefunga.

Jumapili, 29 Aprili

Redio inasema. Nimeipeleka barazani, wazee wamesikiliza taarifa ya habari na kubishana kama kawaida. Wamenishukuru. Nimejiona mtu.

Jumatatu, 30 Aprili

Pantoni imeanza kuvusha. Malori mawili yameingia mjini, watu wanayafuata kwa furaha. Nimepata mafuta ya taa na chumvi. Vinu vimepungua. Afadhali.

Jumanne, 1 Mei

Umerudi. Mkwaruzo umerudi. Natoka.

Jumatano, 2 Mei

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga ukuta.

Nilipanda baiskeli hadi Lumemo, nikaitupa, nikavuka. Maji yalikuwa yamepungua kidogo. Nikiwa katikati ya mto nilisikia injini, na baada ya injini nikasikia wanawake. Wanalia. Sikujua ni nani analiliwa.

Mashine iko ng'ambo hiyo, kabla ya mashamba. Nikaingia mbio, nikaupiga mkanda wa dainamo kwa gogo hadi ukatoka. Taa zikazimika. Bwana Salehe akauliza gizani, "Nani? Kuna nini?" Nikakimbilia mpungani, nikiita jina la mke wangu.

Aliitika. Alikuwa amesimama juu ya tuta ameshika mti mkavu kwa mikono miwili, anawazuia wenzake wasisogee. Alikumbuka niliyomfundisha: aliyenaswa na umeme hashikwi kwa mkono. Mbele yake Mama Osmundi amelala ubavu, nusu kwenye maji, waya bado uko kiganjani.

Nilishukuru kwamba si Ludwina. Ndivyo ilivyokuwa. Nilishukuru kwanza, kisha nikaona aibu.

Kasiani alikuwa amekwenda mjini kula. Kwelea waliteremka shamba la Salehe wingu zima, wale wa mwisho wa siku. Mama Osmundi akashuka dungu lake kwenda kumvutia jirani. Ludwina alimwona. Hakumzuia. Alijua umekatwa. Wote wawili walijua umekatwa, kwa sababu nilisimama ng'ambo ya mto nikawaambia.

Ludwina alisema jambo moja tu usiku kucha: "Ulisema wameukata."

Alhamisi, 3 Mei

Tumemzika. Mvua juu ya kaburi, udongo unateleza, wachimbaji walibadilishana mara nyingi. Wanawake wa madunguni walikuja na kurudi mbio, ndege hawana msiba.

Bwana Salehe alikuja. Alisimama mbali, sanda mkononi, hakuna aliyeipokea. Tulipomaliza akanifuata. Uso umemwisha. Akasema, "Injini haikuwa na mafuta, Gaspari. Pantoni ilifungwa, dizeli ikaniishia Jumatatu ile ile. Nikasema, maadam haiwaki, waya hauna neno, nitaukata mvua ikipungua. Kisha dizeli ikaja. Nikafurahi taa zimerudi. Nikasahau."

Nilimwangalia nikashindwa hata kumtukana. Vinu vile vyote. Mafuta ya taa. Betri ambazo hazikuchajiwa. Vyote vilikuwa vinaniambia injini imelala, na mimi nililalamika kelele. Nilisikiliza kimya kwenye kipimo nikaamua maana yake ninayoitaka. Yeye alisahau kwa sababu ya kimya hicho hicho.

Nachukia kuwa na kitu kimoja na mtu yule.

Jumatatu, 7 Mei

Askari wamekuja, wamekunja waya na kumchukua Bwana Salehe kwenda Mahenge. Kasiani hajulikani aliko, wengine wanasema Malinyi kwa shemeji yake.

Nimetoa maelezo mbele ya jumbe. Askari alitaka kujua vile vya masikioni vinafanyaje kazi, akavivaa, akacheka kidogo. Jumbe hakucheka. Aliniuliza, "Ulijua tangu Jumapili ile?"

Nilijua.

"Ukamwambia nani?"

Mke wangu, marehemu, na mwenye waya.

"Na mimi nyumba yangu iko njiani kwako."

Kutoka pale hadi nyumbani watu waliacha kuzungumza nilipopita.

Jumamosi, 12 Mei

Sikukuu ya Idi. Watoto wana kanzu mpya, nyumba ya Salehe imefungwa milango. Mkewe ameonekana kisimani akichota maji mwenyewe, hakuna aliyemsaidia kujitwisha. Nami sikumsaidia.

Osmundi, mwana wa marehemu, amefika kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Njiani siku nyingi, kaburi limeshaota majani. Alisimama mlangoni kwangu. Hakuniamkia. Kijana niliyemwona akizaliwa, hakunipa shikamoo, na sikuwa na haki ya kuidai. Aliuliza kama mama yake aliumia. Nikasema hapana, ni mara moja tu. Sijui kama ni kweli. Akaitika kwa kichwa, akaondoka.

Jumapili, 20 Mei

Hakuna anayeleta redio. Hata kama ingeletwa, betri nitachaji wapi.

Nimekwenda shambani na chakula. Ludwina analinda mashamba mawili, lake na la marehemu, anapanda dungu hili anashuka anapanda lile. Ameninyang'anya sufuria bila kuniangalia. Nikasema nitamsaidia. Akasema kamba hazijui mkono wangu. Nikakaa chini ya dungu hadi mchana, kisha nikarudi. Namwogopa. Sijawahi kumwogopa.

Naona pia kwamba mashambani kumebadilika. Mchana ndege walishuka shamba la mtu mmoja wa njia ya misheni, mkewe hayupo. Majirani walipiga kelele kutoka walipo. Hakuna aliyeshuka kugusa kamba yake. Ndege wakala mpaka wakashiba.

Ijumaa, 1 Juni

Habari kutoka Mahenge: kesi imeahirishwa. Wanataka fundi wa serikali aseme kama waya ule ungeweza kuua. Mama Osmundi yuko kaburini, wao wanauliza kama ungeweza.

Jumamosi, 9 Juni

Jana usiku Ludwina alirudi nyumbani, akaoga, akala nilichopika. Alfajiri akaniamsha kwa mguu. "Kesho tunavuna letu. Leo la Mama Osmundi. Lete kisu."

Tulikuwa watu kama kumi. Osmundi alikuwapo, kakaa mbali nami. Jua kali, anga safi, matope yameanza kukauka juu. Nilikata suke moja moja kama nilivyoelekezwa, polepole, nikajikata kidole. Wanawake walikuwa wameniacha nyuma sana. Hakuna aliyeimba.

Mchana shamba likaisha, isipokuwa kipande kile cha mpakani. Pale mpunga ulilazwa chini siku ile na miguu ya watu, na ulipolala ukalala. Watu walikuwa wakikata hadi karibu yake wanageuka. Wakaanza kufunga mizigo kana kwamba pameisha. Osmundi aliangalia pengine.

Ludwina akaingia peke yake. Akachutama pale alipolala mwenzake, akawa anainua suke moja baada ya jingine kutoka kwenye tope, anafuta kwa kidole gumba, anakata. Yaliyooza anaweka upande. Mimi nikamfuata na kikapu. Sikujua kama anataka nimfuate. Hakunifukuza. Tulikwenda hivyo hadi tutani, yeye anakata, mimi napokea.

Ilitoka nusu kikapu, na mwingi ni pepe, maganda matupu. Nikampelekea Osmundi. Alitia mkono ndani akauangalia ule mpunga muda mrefu, kisha akaumimina juu ya mwingine wa mama yake, akanirudishia kikapu.